Masenge Dorotea Alipokwenda Kuwa Mgeni

"Masenge, siku wewe ukiwa mgeni, huwa unalala wapi?"

Aurélie alikuwa darasa la kwanza alipouliza hivyo, amesimama katikati ya kamba mbili za kuanikia, mashuka meupe yamemfunika huku na huku, mtu angepita angeona miguu tu. Masenge ndivyo Warundi wanavyomwita shangazi, dada wa baba. Na huyu Masenge Dorotea alikuwa na gesti ya vyumba nane jirani na stesheni ya Mpanda. Siku hiyo alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamponyoka mdomoni.

"Niwe mgeni wa nani mimi?" akasema. "Shika ncha hiyo, shuka linaburuza chini."

Jibu likaishia hapo. Aurélie akaendelea kukua na swali lake.

Ukweli ni kwamba Dorotea hakuwa na la kujibu. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliofika wakiwa na mizigo kichwani. Alipokuja mjini alianza kwa kufua mashuka ya gesti za watu, halafu akapanga nyumba, halafu nyumba ikawa yake. Tangu hapo kazi yake ikawa kupokea. Treni ikichelewa, yupo. Basi likiharibikia njiani likaingia muda ambao hata mbwa wamelala, yupo. Kitanda chake kilikuwa chumba cha mbele, na alilala ukingoni kabisa upande wa mlango, mguu mmoja nje ya shuka, funguo chini ya mto, ili mgeni asigonge mara mbili. Nusu ya pili ya kitanda hicho iliwekwa foronya zilizonyooshwa.

Mgeni wake alikuta maji ya moto kwenye ndoo alfajiri, kandambili mlangoni, chandarua kimeshushwa, na shuka lenye harufu ya jua. Na hakuruhusiwa kugusa kitu. Hilo ndilo Stanslaus alilojifunza kwa kugombezwa.

Stanslaus ni fundi wa mashine za kusukuma maji, mtu wa kuzunguka mikoani. Mara ya kwanza kulala pale aliamka, akatandika kitanda, akaazima ufagio, akafagia chumba na ukumbi. Alidhani anamsaidia mama wa watu. Dorotea akamkuta na ufagio mkononi.

"Baba, umeona nini humu?"

"Sijaona kitu, mama. Nafagia tu."

"Mtu hafagii pasipo na uchafu. Nyumba yangu ina uchafu gani? Sema, wasikie na wenzako."

Stanslaus akajitetea kwamba kwao wamelelewa hivyo. Dorotea akaupokea ule ufagio kana kwamba anamnyang'anya mtoto kisu. "Kwenu ni kwenu. Hapa ukinifagilia umeniambia sijui kupokea watu." Tangu siku hiyo Stanslaus aliacha kitanda kama zizi la mbuzi limepitiwa na fisi, na Dorotea akampenda kama mdogo wake.

Miaka ikaenda. Aurélie akafika kidato cha tatu, mgongo wa Dorotea ukaanza kulia kila akiinama kwenye beseni, na mganga wa zahanati akamwambia apumzike. Akaitikia vizuri, akarudi kufua.

Ndipo Stanslaus akaja na habari zake za pointi. Kampuni yake ikimtuma Dar, Arusha au Mwanza, humlaza kwenye hoteli kubwa za jina moja. Kila akilala, hoteli humwandikia pointi kwenye simu, na pointi zikijaa mtu anakwenda kukaa hoteli yao ya ufukweni kule Unguja, kula na kunywa humo humo, bila kulipa. Zake zilikuwa zimejaa, na zilikuwa karibu kufutwa.

"Nenda wewe na mkeo," Dorotea akasema.

"Mke wangu amesema likizo yetu nilale nyumbani, maana uso wangu ameshausahau. Nenda wewe, mama. Chumba ni cha watu wawili."

"Bure?"

"Bure."

"Hakuna bure, Stanslaus. Nani analipa?"

"Nimeshalipa kwa kulala."

Dorotea akamtazama. "Yaani umelala mpaka usingizi wako umezaa?"

"Umezaa, mama. Na watoto wanakufa mwisho wa mwezi."

Wa kwenda naye alikuwa Athanasie, wifi yake, mama yake Aurélie, mkulima wa Katumba ambaye hajawahi kukataa chakula wala safari. Gesti akaachiwa baba yake Aurélie. Asubuhi ya kuondoka, Aurélie akamkumbusha shangazi yake lile swali la mashuka. Dorotea akasimama na kapu lake la maharage na dagaa wa Ikola, maana kwao hakuna anayekwenda kwa watu mikono mitupu.

"Ukweli, mwanangu, sijawahi," akasema. "Hata msibani nalala jikoni na wapishi. Nikirudi nitakujibu. Na sitakudanganya."

Basi likawafikisha Dodoma, treni ya umeme ikawafikisha Dar kabla Athanasie hajamaliza kusimulia alivyoogopa kupanda, boti ikawavusha. Hotelini walipokelewa na maji ya madafu na vitambaa vya baridi vya kujifutia uso. Wakafungwa mkanda wa plastiki mkononi. Ukiwa nao, unakula utakacho.

"Wifi, wametufunga kama ng'ombe wa mnadani," Athanasie akasema.

"Nyamaza, watasikia."

"Wasikie. Ng'ombe wa wapi anapewa madafu?"

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, na kila kimoja kingelaza familia. Dorotea akachagua cha karibu na mlango. Mlango wa kioo ulitazama baharini. Asubuhi Athanasie akauvuta, akatoka, akarudi mbio.

"Dorotea! Amka! Bahari imeondoka!"

Kweli. Jana yake maji yalikuwa mlangoni, leo ni mchanga na majani mpaka macho yanapoishia. Ziwa lao pale Ikola halina tabia hizo, likilala hapa linaamka hapa. Athanasie akajifunga kitenge tayari kufungasha, akiamini kuna jambo limetokea na hoteli inaficha. Mzee wa bustani akawaambia yamekupwa tu, yatarudi mchana. Mchana yakarudi. Tangu hapo Athanasie alikuwa mtu wa pale. Alikula pweza, akala kamba, akarudia chapati, akawauliza Wazungu hali zao kwa Kirundi nao wakamjibu kwa kucheka. Alishinda kwenye kiti kirefu chini ya mwavuli wa makuti, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyezaliwa pale.

Dorotea hakuweza. Si kwamba hakupenda. Alipenda kila kitu, hata mkono wa bomba aliugusa kwanza kama shavu la mtoto. Lakini kila asubuhi, kabla Athanasie hajafungua macho, alikuwa ameshatandika vitanda vyote, pembe zimekunjwa, hakuna mkunjo wa kuona. Alifuta sinki. Alideki bafu kwa taulo kuukuu alilotoka nalo Mpanda. Alifua taulo za hoteli akazianika kwenye viti vya barazani. Mezani alikusanya sahani za watu asiowajua akazipeleka mlango wa jikoni, mpaka kijana mmoja akazipokea mikononi mwake akisema, "Mama, tuachie na sisi tupate riziki."

"Wifi," Athanasie akamwambia siku ya pili, "hivi umekuja kutembea au umeajiriwa?"

"Nitakaa vipi watu wananifanyia?"

"Kama mimi. Tazama." Akalala, akafumba macho, akanyoosha mkono, akaletewa juisi ya ukwaju. "Umeona? Haina hata mafunzo."

Dorotea akajaribu. Akakaa, akaletewa juisi, akasimama kumpokea mletaji trei. Moyo wake haukutulia. Alimwaza Aurélie kwenye kamba za nguo. Zilibaki siku tatu tu kabla ya safari ya kurudi, naye angemwambia nini? Kwamba alikwenda mbali kote kule akalala kama anavyolala siku zote, mguu nje, sikio mlangoni?

Siku ya tatu asubuhi mlango ukagongwa. Aliyegonga alikuwa binti mwenye sare ya kijani, kigari cha mashuka nyuma yake, macho mekundu. Kifuani jina lilisomeka Scola.

"Shikamoo mama. Naomba nikuulize. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Umenikosea? Mimi hata sikujui, mwanangu."

"Ndiyo hilo. Mimi ndiye wa chumba hiki. Kila nikija nakuta kumetandikwa, bafu kavu, taulo zimefuliwa. Siku ya kwanza nikasema wageni hawakulala. Jana msimamizi amekagua, amekuta mashuka ni yale yale mliyofikia nayo. Akaniambia sijaingia humu tangu mfike, najaza tu fomu kwamba nimesafisha. Nipo kwenye miezi ya majaribio, mama. Leo jioni anaamua kama naendelea au narudi kwetu."

Dorotea alikuwa ameshika foronya. Alikuwa katikati ya kuipiga piga ikae vizuri. Akaitazama, akamtazama yule binti, na kilichomjia kichwani kilikuwa Stanslaus, miaka ile, amesimama ukumbini na ufagio asijue auweke wapi.

"Yesu wangu," akasema. "Nimekufagilia."

"Sijaelewa, mama."

"Hujaelewa, sawa. Nipeleke kwa msimamizi."

Wakaenda, Dorotea mbele na kandambili zake. Msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mpole kuliko alivyosimuliwa. Dorotea akamweleza kwamba yeye ana gesti Mpanda, mikono yake haikujua kama imesafiri, na vile vitanda ni kazi yake, si uzembe wa binti. Msimamizi akauliza, kwa wasiwasi, "Kwa hiyo mama hukuridhika na usafi wetu?"

Lile ndilo swali lenyewe. Dorotea aliwahi kumuuliza mtu swali hilo hilo, kwa hasira.

"Nimeridhika, dada," akasema. "Sikujua tu kupokelewa. Mpe huyu binti nafasi kwangu leo na kesho, uje ukague mwenyewe."

Wakarudi chumbani. Dorotea akafanya jambo gumu kuliko kufua mashuka ya vyumba vinane: akavuta lile shuka alilokwisha kulitandika, akalivuruga. Athanasie akasaidia kwa kurukia cha kwake kwa mgongo. Halafu Dorotea akakaa barazani, mikono ameikalia kabisa, chini ya mapaja, akimtazama Scola kupitia kioo.

Binti alikuwa na mkono mzuri. Pembe moja ya shuka alikunja tofauti na Dorotea, na Dorotea akainuka nusu, akajirudisha mwenyewe. Mwisho Scola akachukua taulo mbili, akazisokota, akazikunja, ghafla pale kitandani akatokea bata wa taulo, shingo ndefu, amekaa.

"Ee!" Athanasie akapiga kelele. "Wifi, wametuletea kitoweo!"

Dorotea akacheka mpaka akatoa mikono alikoikalia. Alipoulizwa kwao wapi, Scola akasema Namanyere, upande wao huo huo wa ziwa, na kwamba tangu avuke maji hajaonja dagaa wa ziwa. Kapu lilikuwa bado chini ya kitanda. Lilikuwa limefunikwa kwa kitenge tangu mapokezi walipomwambia kwa upole kwamba jiko la hoteli halipokei vyakula vya wageni. Dorotea akalitoa lote, maharage na dagaa. Scola akafunua, akainamisha uso akavuta harufu.

"Sasa nimefika," Dorotea akamwambia wifi yake. "Nilikuwa sijamwona mwenyeji."

Msimamizi alikuja kukagua jioni na kesho yake. Asubuhi ya kuondoka Scola aliwasindikiza mpaka getini, na kwa namna alivyowapungia walijua anaendelea.

Stanslaus alipofika tena Mpanda, alifungua chumba chake akarudi ukumbini.

"Mama, kuna kuku kitandani kwangu."

"Bata," Dorotea akasema. "Tena usimguse."

Ulikuwa umeshapita muhula mzima Aurélie hajajibiwa. Alikuwa ameambiwa ya bahari kuondoka, ya juisi, ya binti wa Namanyere, kila mmoja akisimulia kwa njia yake na mama yake akiongeza chumvi. Lakini lile lake bado. Akachagua siku ya kufua. Safari hii alikuwa mrefu kuliko kamba, mashuka hayakumfunika tena.

"Masenge. Ukiwa mgeni, unalala wapi?"

Dorotea alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja, akabana shuka huku, akabana na kule, akalinyoosha kwa kiganja.

"Katikati ya kitanda," akasema. "Na asubuhi nilikiacha hivyo hivyo."