Fundi Miguu na Kilele Kinachokanyagwa Mara Moja

Saa mbili asubuhi. Chai imeshanywewa, kikombe kimesukumwa pembeni, na mzee wa miaka sitini na moja ameketi mbele ya kompyuta kuukuu huku mguu wake wa kulia ukigonga sakafu chini ya meza. Unagonga, unasita, unagonga tena. Macho yako kwenye skrini na mkono uko kwenye kipanya, lakini ukimtazama vizuri utaona kwamba anayefanya kazi hasa ni mguu.

"Mama, umefika wapi?" anauliza bila kugeuka.

"Bloku ya mwisho, nashuka," anajibu mkewe kutoka upande wa pili wa chumba, ambako kitanda cha kufumia kimekalia nafasi ambayo familia nyingine zingeweka makochi.

"Usikimbie."

"Nikimbie niende wapi? Nimefungwa hapa na nyuzi zako."

Mtaani wanamwita Fundi Miguu, na wako wasiojua kwamba ana jina jingine. Hilo la Miguu alilipata akiwa kijana, alipopanda cheo kutoka kufagia vumbi la nyuzi katika karakana ya wafumaji hadi kukalia kitanda chake mwenyewe. Wenzake walibandika mbele yao karatasi inayoonyesha pedali ipi ikanyagwe baada ya ipi. Yeye alisomewa ua la kitambaa mara moja, miguu ikalichukua, basi. Aliweza kubishana kuhusu mpira, kuimba na kunywa chai, kitambaa kinaendelea tu kushuka.

"Kichwa changu kilikuwa huru kabisa," anasema. "Ndiyo maana hakikujifunza kitu."

Kitanda chake kina pedali nane. Kila pedali huinua kundi fulani la nyuzi za mtande, zile ndefu zilizokazwa kutoka mbele hadi nyuma, na katika uwazi unaofunguka ndipo mfumaji hupitisha uzi wa mshindio. Ukibadilisha mpangilio wa kukanyaga, umebadilisha ua. Kwa hiyo shuka, taulo na blanketi zote zilizotoka katika nyumba hii zilitoka kwenye nyayo za mzee huyu.

Ila siyo nyayo peke yake. Kabla hujafuma, kila uzi wa mtande lazima upitishwe kwenye kitanzi chake, mmoja mmoja, kwa mpangilio usiokosea, na hiyo tangu wafunge ndoa imekuwa kazi ya mkewe. Mzee hajawahi kupitisha uzi kitanzini. Mkewe hakuwahi kukanyaga ua.

"Yeye nyuma ya kitanda, mimi mbele," anasema. "Tumelea mabinti watatu tukiongea kupitia katikati ya nyuzi."

Mambo yaligeuka miaka miwili iliyopita. Mtu ambaye alikuwa akipanda juu ya paa kuziba mabati bila wasiwasi, aliteleza jikoni kwake, kwenye maji ya sabuni, akavunjika nyonga. Mguu wa kushoto ukabaki wa kumpeleka msalani na kumrudisha. Kwa kukanyaga pedali, anasema mwenyewe bila kuzunguka, mguu ule ulikufa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Mkewe alikaa mbele ya kitanda kwa mara ya kwanza na kufuma taulo za jikoni zisizo na ua lolote, kwa pedali mbili tu alizoziweza. Mapato yakashuka chini ya nusu. Asubuhi alimwogesha mumewe, mchana alifuma, jioni alipeleka taulo sokoni, na katikati ya yote hayo alipata nafasi ya kumtania ili asikae anatazama ukuta.

Kilichokuwa kinamkosesha mzee raha, hata hivyo, hakikuwa taulo. Kilikuwa blanketi.

Kuna blanketi moja ambalo hulifuma kwa mabinti zake tu. Wenyewe wanaliita blanketi la vilele. Ua lake hupanda kama ngazi hadi kileleni, likashuka, likapanda kilele kidogo, likashuka tena, bloku baada ya bloku, na hakuna bloku mbili zinazofuatana zilizo sawa. Binti wa kwanza aliondoka nyumbani nalo. Wa pili vilevile. Kitindamimba naye amepata mchumba, na Jumamosi ijayo anahamia kwake.

"Aliniambia, 'Baba, usijisumbue, nitanunua blanketi dukani,'" anasimulia mzee. "Alisema kwa upole. Na upole wenyewe ndio ulioniuma."

Tatizo ni kwamba ua lile halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa miguuni. Alijaribu kumtajia mkewe kwa mdomo, akapotea kabla ya bloku ya kwanza kwisha. Ukimuuliza yeye, hajui. Ukiuuliza mguu, unajua. Lakini pedali nne za kushoto zilikuwa mali ya mguu uliokufa, kwa hiyo akaanza kugonga sakafu kwa mguu wa kulia na kujipiga paja la kushoto kwa kiganja, macho ameyafumba. Majirani waliopita dirishani walidhani mzee amepata muziki mpya.

Kompyuta ililetwa na mkwe wake, mume wa binti wa kwanza, ikiwa na programu ya kusanifia vitambaa. Skrini yake ni miraba mitupu. Kila mstari unasubiri kuambiwa ni pedali ipi, na ua linajichora lenyewe pembeni kadiri unavyojaza. Mzee akagonga mguu, akabonyeza mraba. Akagonga paja, akabonyeza mraba. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa, shingo ikavimba, na hakuwa amemaliza hata bloku tatu.

Siku moja kitindamimba alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama nyuma yake.

"Baba, unabonyeza kimoja kimoja?"

"Kwani kuna namna nyingine?"

Binti akaweka beseni chini. Akachora fremu kuzunguka kipande kizima alichokwisha kukijaza baba yake, akabonyeza nakili, akashuka mbele kidogo, akabonyeza bandika. Kipande kikatokea chote, mistari yote, kwa mpigo.

"Alinyamaza," anasema mkewe. "Nikajua kuna jambo. Huyu hanyamazi."

Mzee akasema neno moja tu: "Rudia."

Tangu hapo, kwa maelezo ya mkewe, nyumba haikukalika. Mzee alikata, akanakili, akabandika, akahamisha bloku ya juu chini na ya chini juu, akaharibu, akabonyeza tendua kilichoharibika kirudi, akaanza upya kwa furaha ya mtoto aliyepewa maji na mchanga. Mkewe aliitwa kuja kutazama hadi sufuria ikaungua. Na kisha akakutana na amri ya kioo.

Amri hiyo hugeuza bloku, mstari wake wa mwanzo ukawa wa mwisho. Kwa blanketi la vilele ilikuwa kama imetengenezewa nyumba hii, kwa sababu kila ua linashuka kwa ngazi zilezile lilizopandia. Mzee alijaza upande wa kupanda tu. Upande wa kushuka akauchukua kwa kioo na kuubandika chini yake.

"Sikufichi, machozi yalinitoka," anasema. "Nilijiambia, leo nimepata mguu wangu wa kushoto."

Furaha ikampitisha mahali ambapo angesimama. Kioo hakichagui, hugeuza kila kitu kilichomo ndani ya fremu, pamoja na kilele chenyewe. Bloku ya kupanda iliishia na kilele, na nakala yake ikaanza na kilele. Vikawa viwili, vimekaa pamoja, kila mahali alipobandika. Kwenye skrini ilikuwa tofauti ya mstari mmoja mwembamba. Chini ya meza, mguu wa kulia ulijikwaa kila ulipofika pale.

"Niliugombeza," anakiri. "Nikauambia, tulia wewe, umezeeka."

Karatasi ikachapishwa, mkewe akaibandika mbele yake, akaanza kujifunza kukanyaga ua akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Alipofika kileleni karatasi ikamwambia akanyage pedali ya nane mara mbili mfululizo. Sasa, mfumaji yeyote atakwambia kinachotokea hapo. Uzi wa mshindio ukirudi kwenye uwazi uleule uliopitia, hauna cha kuushika, unafumuka wote na kutoka. Mama akafikiri kidogo, akauzungusha uzi kwa kidole kwenye nyuzi za pembeni ili usitoke, akaendelea. Akafanya hivyo kila kilele.

"Nilidhani ndivyo linavyofumwa," anasema. "Mimi miaka yote nilikuwa nyuma. Ya mbele ningeyajulia wapi?"

Mzee, kwenye kiti chake, aliuona mstari mnene ukikatiza ncha ya kila ua kama mshipi. Akadhani miguu ya mkewe, kwa ugeni, inakanyaga mara mbili. Akaamua kunyamaza.

"Mtu amekuogesha mwaka mzima," anasema. "Utaanzaje kumwambia miguu yake ni mibovu?"

Mkewe naye aliuona ubaya wa mstari ule, naye akanyamaza. Mumewe alikuwa ameteseka mno kwenye ile kompyuta. Kama ua limekuwa baya, basi limekuwa baya, atalifuma hivyohivyo. Kila jioni walisimama pamoja mbele ya kitanda, mzee ameegemea fimbo.

"Linapendeza," alisema mzee.

"Linapendeza kweli," alisema mama.

Wakadanganyana kwa upendo mkubwa hadi blanketi likawa na urefu wa mkono mzima. Kitindamimba ndiye aliyerudi kutoka kazini siku moja, akainama juu ya kitambaa bila hata kuvua viatu.

"Hivi hii mistari minene ni ya nini? La dada halina."

"Muulize mama yako," alisema mzee.

"Muulize baba yako," alisema mama, kwa sauti moja naye.

Wakatazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo ya kitanda. Mzee akacheka hadi nyonga ikamuuma, kisha akajifuta macho na kusema ni vumbi la nyuzi. Baada ya hapo akaomba kimya, akafumba macho, akagonga. Paja, paja, sakafu, sakafu, kilele. Mguu ulipiga mara moja na kuanza kushuka.

"Ukipanda ngazi hadi ya juu, ukigeuka kurudi, hukanyagi ile ya juu tena," anaeleza, akinyoosha kidole kwenye skrini. "Mguu ulijua. Uliniambia. Ni mimi niliyekuwa nasikiliza kioo."

Kwenye kompyuta marekebisho hayakungoja hata chai ipoe. Alifuta kilele cha pili, mistari ya chini ikapanda yenyewe kuziba pengo, na tangu siku hiyo akijenga fremu ya kugeuzwa huishia ngazi moja kabla ya kilele. Kwenye kitanda ilikuwa habari nyingine. Mkono mzima wa blanketi ulifumuliwa uzi kwa uzi, mama akivuta, binti akizungusha uzi upya, mzee akishika taa na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Kompyuta ina kitufe cha tendua," anasema mama akionyesha vidole. "Kitanda hakina. Sisi tulitendua kwa kucha."

Walipoanza tena walikubaliana jambo moja, na mama analirudia kwa uso wa kukaza: asiyependezwa aseme. Tangu hapo, majirani wanasema, nyumba ile ina kelele kuliko karakana, na hakuna anayelalamika.

Mzee sasa ana haraka. Wiki iliyopita alilitafuta ua moja la vitambaa vya meza alilolifuma zamani, mguu ukagonga hadi katikati, ukasimama, haukuendelea. Ndiyo maana kila asubuhi yuko hapa, anagonga na kujaza, bloku kwa bloku, maua yote anayoyakumbuka, kabla mguu wa kulia nao haujanyamaza. Anataka pia mpangilio wa vitanzi wa mkewe uingie humo, wakae pamoja faili moja. Mabinti wameahidiwa nakala, na mkwe pia, kama fidia ya kompyuta.

"Wafume wasifume, shauri lao," anasema. "Lakini wasije wakasema baba aliondoka nayo."

"Unaondoka kwenda wapi?" mkewe anadakia kutoka kwenye kitanda cha kufumia. "Njoo huku. Nakaribia kilele cha mwisho."

Kompyuta inaachwa. Kitindamimba, ambaye masanduku yake yamekwisha kufungwa na kupangwa mlangoni, anamshika baba yake mkono mmoja, fimbo inashika mwingine. Safari ya kuvuka chumba inachukua muda wake. Mama anasogea kwenye benchi la kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, mzee anaketi mahali pake.

Mama anakanyaga za kushoto. Anapanda polepole, moja baada ya nyingine, uzi ukipita huku na huku, hadi inapobaki pedali ya nane, ya mwisho kulia, mbele ya mguu mzima wa mumewe. Anaondoa mguu wake na kungoja.

Mzee anakanyaga. Nyuzi zinainuka. Mama anapitisha uzi, anaugonga ukae, na kitindamimba, aliyesema angenunua dukani, amefunika mdomo kwa kiganja.

Mguu bado uko juu ya pedali.

"Mara moja tu, mzee wangu," anasema mama taratibu. "Tunashuka."

"Najua," anasema Fundi Miguu. "Niache nikikanyage kidogo hiki kilele."