Patasi Ndani ya Debe la Unga

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka ndugu zake wawili walipokuja na mkokoteni kuchukua vyombo vyake vya useremala. Walibeba misumeno, randa, nyundo na patasi zote. Hata jiliwa, ile ya kubania mbao, iliyokazwa kwenye meza yake ya kazi waliifungua.

"Hizi ni vitu za mwanaume," shemeji mkubwa aliniambia. "Ati wewe utazifanyia nini, mama? Utapika nazo?"

Wakacheka. Niliwapa chai, maana kwetu Giakanja hata anayekupora huondoka akiwa ameshiba.

Walichoacha ni meza ya kulia, kwa sababu ilikuwa bado ni vipande tu. Mume wangu aliniahidi meza hiyo tangu enzi za kula tukiwa tumepakata sahani. Miguu miwili ya mti wa mukima alikuwa ameshaitoboa matundu ya kupokea ndimi za mbao za kando. Miwili hakuwa ameigusa. Niliapa kuimaliza mwenyewe. Miaka yote ile mimi ndiye niliyemshikia mbao, na sikuwa nimefumba macho.

Nilikata kijiti kwa upana wa tundu lake, nikakitia kwenye kiondo, nikaenda mjini Nyeri. Kijana wa duka la vifaa alitazama nyuma yangu, akitafuta mwanamume.

"Mzee amekutuma patasi ya size gani?"

"Mzee amekufa."

Alinipa pole, kisha akanionyesha mashine ya kutoboa matundu, ile inayokaa mezani na mkono wake wa kuvuta. "Mum, chukua hii. Unavuta tu, shimo inatoka square. Hiyo ya kugonga na nyundo itakuchosha bure."

Ilikuwa mashine nzuri, sitadanganya, na niliitamani. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na baridi ya mlima huu haina huruma kwa mjane. Lakini nilifikiria ule mkokoteni. Mashine kama ile haifichiki. Ingenguruma siku moja tu, shemeji angeisikia kutoka ng'ambo ya kijito, na angekuja kuchukua mali ya ndugu yake. Nikachagua patasi moja, iliyolingana na kijiti changu.

Niliizika ndani ya debe la unga wa ugali. Katika ukoo ule hajazaliwa mwanamume wa kufunua debe la unga.

Nilichonga mchana, nikiigonga patasi kwa mchi, redio ikipiga kelele kufunika mlio. Nusu ya tundu upande huu, kisha nageuza mguu na kuingilia upande wa pili, ili mbao isipasuke patasi inapotokea. Mara ya kwanza patasi iliteleza ikaacha kovu chini kidogo ya tundu. Vidole vilivimba hadi nikashindwa kufunga vifungo vya sweta. Nilimlaani mume wangu kwa kufa akiwa amebakisha miguu miwili, kisha nikaketi juu ya maranda nikalia.

Mashemeji walipokuja kwa maombi ya kumkumbuka, tulikula kwenye meza ile niliyokwisha kuiunganisha; wao walidhani vipande vyote vilichongwa na mume wangu. Shemeji mkubwa alimaliza nyama, akafuta mikono, akainama na kupapasa mguu uliokuwa karibu naye.

"Mnaona hii kazi?" aliwaambia wote. "Ndugu yangu alikuwa na mkono. Mafundi kama hao hawako tena."

Kidole chake kilikuwa juu ya lile kovu. Nilitaka kumwambia mbele ya mchungaji na wajukuu: huo ni mguu wangu. Lakini najua swali ambalo angeuliza baadaye. Angeuliza niliuchonga kwa kifaa gani, na kifaa hicho kiko wapi.

"Ndiyo," nikasema, "alikuwa na mkono."

Nikamwongezea chai, nikarudi jikoni, nikatumbukiza mkono kwenye unga hadi kiwiko, kuhakikisha kuwa patasi yangu bado ipo.