Nduma Nyekundu ya Ngendo

Mto wa Ruiru hauna haraka. Unatoka juu kwenye majani chai, unapita kwenye kahawa iliyobaki, na ukifika mjini unapitia nyuma ya maduka na nyumba za kupanga, kama mgeni asiyetaka kusumbua mtu. Mimi nimetembea kando yake tangu magoti yangu yakiwa mazima. Na nikiuwaza mto ule, hata nikiwa kitandani, namuona Ngendo ameinama majini.

Tulijuana kwenye kahawa. Siku hizo Ruiru ilikuwa barabara moja, reli na maduka machache ya mabati, na kila mtu alijua saa kwa king'ora cha kiwanda cha kahawa. Yeye alikuwa mchumaji, mimi nilikuwa kwenye mashine ya kumenya. Saa saba alikuwa ananipitishia nduma ya kuchemsha imefungwa kwa jani la mgomba. Nduma ile haikuwa ya kawaida. Shina lake lilikuwa jekundu, na katikati ya kila jani kulikuwa na doa, kama mtu amebonyeza hapo kwa kidole chenye wino. Ikiiva ilikuwa kavu, inameguka kama keki ya harusi. Alikuja nayo alipoolewa, miche mitatu ndani ya nyasi mbichi, kutoka kwa mama yake Thika, kando ya mto Chania.

Mama yake alimpa na masharti. Mbegu ya nduma haiuzwi. Anayeitaka anakuja mwenyewe asubuhi, mikono mitupu, anaketi, analishwa, halafu anaomba. Akipewa hasemi asante. Anainuka tu na kwenda. Ukisema asante, miche inasikia kwamba mambo yamekwisha, na haishiki udongo. Asante inakuja baadaye, mwezi wa nane au wa tisa tangu kupanda, ikiwa nduma ya moto ndani ya kiondo.

Miaka arobaini nimeona watu wakiketi pale kwa Ngendo, wanakula, wanaomba, wanaondoka kimya. Mgeni angedhani ni nyumba ya watu wasio na adabu.

Halafu ukaja mwaka ule wa mvua kubwa. Mwezi wa nne mto ulikumbuka nguvu zake. Nilipofika asubuhi nilimkuta Ngendo amesimama kando ya mto, rinda limejaa tope, na mahali pa nduma palikuwa pamelambwa kama sahani.

"Philip," akasema, "hata mche mmoja haukubaki."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mama alinipa mitatu. Nikimkuta huko mbele nitamwambia nini?"

Nikamwambia, wewe umegawia watu nusu ya Kiambu, twende tuombe.

"Mimi? Niombe nduma?"

"Kwani kuomba ni kazi?"

"Sijui," akasema. "Sijawahi."

Tukaenda kwanza Gatong'ora kwa Gathogo, ambaye alichukua miche kwa Ngendo kabla hajaota ndevu. Sasa ndevu ni nyeupe na shamba ni ghorofa nne. "Haiya, cucu, bibi yangu!" akasema, ameshika kichwa. "Ile nduma? Pale ilipokuwa ndipo watu wanaegesha magari." Akatununulia soda. Ngendo alikunywa huku akiangalia magari yale, moja moja, kama anatafuta lililokalia mche wake.

Halafu tukaenda Thika, kwa kina mama yake. Kutoka mtaa wa Kiganjo tulipanda boda boda mbili hadi karibu na maporomoko, pale kwenye hoteli ya zamani ambapo watu hupigia picha. Mahali pa nduma palikuwa sasa ni pa kuosha magari. Povu la sabuni lilikuwa linateremka polepole kwenda Chania. Tuliketi juu ya jiwe, na Ngendo akafumba macho. Maji ya maporomoko yalikuwa yanavuma, yanavuma, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona kama povu lile ni ukungu, na kuna mwanamke ndani yake amefunga leso, anachimba. Alichoona Ngendo sikijui; alifumbua macho, akainuka.

Mjukuu wa kwao, Mwas, alitusindikiza hadi stendi. "Cucu, mbona unajisumbua? Nduma tunanunua tu supamaketi."

"Na supamaketi walipewa na nani?" Ngendo akamuuliza. Mwas akacheka, akatusimamishia matatu.

Tulirudi Ruiru mikono mitupu. Miezi ikapita. Ngendo alipanda sukuma wiki pale kando ya mto, ikamea vizuri, na hakuipenda.

Mimi sijui kukaa mahali pamoja. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nateremka na mto kuelekea Juja Farm, bila shughuli, nahesabu korongo tu. Nikaona ng'ambo ya ua wa miti mashina mekundu. Nikasogea. Kila jani lilikuwa na kile kidole cha wino.

Sisi tulikuwa tumeenda kuuliza watu, na mto ndio uliojua ulikoipeleka.

Mwenye shamba alikuwa Mbinya, mama wa Kikamba anayeuza mboga. Kesho yake nilimleta Ngendo, na hapo ndipo alipoharibu. Alipoona yale majani alisahau kila kitu alichofundishwa. Alisimama nje ya ua, hata hajasalimia, akapaza sauti: "Hizi ni zangu!"

Mbinya akanyooka na jembe lake. "Zako? Zina jina?"

"Zina alama! Angalia jani! Zilibebwa na maji kutoka kwangu!"

"Cucu, hizi nilipewa na mto. Maji yaliziacha hapa, nikazipanda, nikazipalilia. Kama ni zako, basi pia nililetewa kiatu cha mguu mmoja, sufuria bila tako na mlango wa choo. Beba zote."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Ngendo hakucheka. Tulirudi, na karibu na daraja la reli akasimama.

"Nimeenda kama askari wa kanjo anayenyang'anya wachuuzi," akasema. "Mama angenichapa."

Asubuhi iliyofuata alikuwa huko kabla umande haujakauka, mimi nyuma yake. Mikono mitupu. Alibisha, akasema habari ya asubuhi mama, akaketi kwenye gogo. Mbinya alikunja uso. Lakini mzee akiketi kwako asubuhi utafanya nini? Akaleta chai. Na pamoja na chai akaleta nduma za jana, amezipasha moto.

Ngendo alishika nduma moja kwa mikono miwili. Miaka yote aliichimba mwenyewe, akaichemsha mwenyewe. Siku ile alilishwa. Alitafuna polepole, na mto ulikuwa unapita pale chini, na ukungu, na sijui alikuwa amekaa na nani, mimi au mama yake.

"Mama," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ya msichana. "Naomba mbegu."

Mbinya akaenda kuchimba. Hakuhesabu, alijaza tu gunia dogo, akamkabidhi. Ngendo akainuka, akageuka, akaondoka bila neno moja.

"Ngai! Na huyu cucu!" Mbinya akaniambia. "Jana matusi, leo hata asante hajui?"

"Ngoja," nikamwambia. "Asante yako iko ndani ya gunia, bado haijamea."

Aliniangalia kama anamwangalia mlevi, akarudi kwa mboga zake. Kila nikipita alikuwa ananiuliza, "Mzee, asante yangu imefika wapi?" Na mimi nilikuwa nampa habari: imetoa jani, imefika magotini, imetoa watoto.

Wiki iliyopita, mwezi wa tisa tangu apande ukiwa umeisha, Ngendo alinituma nikakate majani ya mgomba ya kufungia. Tuliteremka na mto, yeye na kiondo begani, kinatoa mvuke. Mbinya alikuwa uani. Akafunua majani, akaona, akanusa.

"Kumbe unajua kushukuru," akasema.

Ngendo akaketi kwenye gogo lake. "Kula kwanza," akamwambia, "asante ikipoa haisemi kitu."