Nilimsifia Mpwa Wangu Kilabuni, Sasa Chama Kinataka Nitoe Ushahidi Dhidi Yake

Mbukwenyi ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, jina langu liweke pembeni na kata yangu usiitaje, maana huku Bahi mtu akisoma mistari miwili tu atajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka 53, nina mke na watoto watano, ni mkulima wa mpunga na balozi wa shina wa chama chetu, huu mwaka wa kumi na tisa. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwa kuongea sijaona wa kunishinda. Nikianza kusimulia nilivyovuka Mto Bubu umefurika, ndama begani na baiskeli mgongoni, hata mwenye mgonjwa nyumbani hanyanyuki. Nawaambia hivi mjue kwamba balaa langu limeanzia kwenye huu mdomo.

Dada yangu aliolewa na Mrangi wa Kondoa, akasilimu. Sisi wengine ni wa kanisani. Mumewe alipofariki nikamlea mtoto wao, nimwite Shabani, si jina lake. Alikulia kwangu, alfajiri msikitini, Jumapili anatubebea viti vya kwaya, na hakuna aliyeona ajabu. Krismasi yeye ndiye anayechinja mbuzi ili chungu kiwe kimoja. Sasa ana mashine ya kukoboa mpunga, watu wanampenda, na mwaka huu akachukua fomu ya kuomba udiwani kupitia chama.

Chama chetu ni cha watu wa zamani. Kikao hakianzi bila dua na sala, na kila mzee atakwambia chama hakina dini. Lakini ukikaa nao pembeni utasikia kiti hiki ni cha "mtu wa nyumbani", na mtu wa nyumbani maana yake ni wa kanisa letu. Hayo niliyajua miaka yote na nikanyamaza, kwa sababu hayakunigusa.

Wiki mbili kabla ya kura za maoni tulimaliza kuezeka ofisi ya tawi, ng'ombe akaangushwa. Kama kawaida yetu, akaitwa Mwislamu achinje ili wote tule, naye akawa Shabani. Miguu nilishika mimi. Tulikula, wajumbe wote, mpaka mifupa.

Kesho yake niko kilabuni na pombe yangu ya asali, wanzuki, watu wa mgombea mwingine wakaanza kunichokoza kwamba mpwa wangu arudi Kondoa akagombee huko. Damu ikanichemka. Mungu anajua nilitaka kumpandisha kijana wangu. Nikawaambia, "Nyama yake mlikula, hamkula? Basi mmekwisha. Ile dua aliyoisoma pale shingoni si ya kawaida, ilichukua nusu saa, ng'ombe mwenyewe alilia kwa Kiarabu. Kila aliyemeza, mkono wake utaandika Shabani hata akikataa."

Mmoja akasema yeye alikunywa mchuzi tu.

"Mchuzi ndio mbaya zaidi," nikamjibu.

Walicheka mpaka wakamwaga pombe. Nikarudi nyumbani nikijiona nimepiga kampeni ya maana.

Siku tatu baadaye habari imekua kunizidi hata mimi niliyeizaa. Ikawa Shabani ametusilimisha kwa nyama. Watu wazima, wajumbe, wakaenda kuombewa, na mama mmoja alikunywa maji ya chumvi atapike nyama ya siku zote hizo. Siku ya kura Shabani alipata kura nne, na moja ni yangu.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini wamemwandikia barua kwamba ameingiza udini ndani ya chama, na Alhamisi hii kamati ya maadili inamwita ajieleze kabla hawajamvua uanachama. Shahidi wao ni mimi. Nilikimbia kwa katibu wa kata nikamwambia yale niliyatunga, kijana alisema "Bismillahi Allahu Akbar" akakata, basi. Katibu akanitazama kwa huruma kabisa.

"Balozi, miaka yote unatuongopea na tunajua. Hili peke yake ndilo la kweli. Wewe ulishika miguu, ulisikia."

Kisha akasema nikishikilia kwamba nilitunga, basi mleta udini ni mimi, na itabidi shina nilikabidhi. Ndugu zangu, shina nitalikabidhi hata leo. Nimeshalia nikamaliza. Kinachonitoa usingizi ni kwamba hata nikilikabidhi, Shabani bado watamfukuza.

Jana alikuja. Alinipa shikamoo yangu kama siku zote ila akakataa kukaa. Akasema, "Mjomba, watu hawa wamenijua tangu sijui kuvaa viatu. Kumbe walikuwa wanasubiri mtu wa kuwaambia tu." Akageuka akaenda zake. Mama yake simu yangu hapokei, ametuma mtu aniambie nimemfanya mwanawe mgeni mahali alipokulia.

Leo asubuhi nikamkalisha mke wangu, nikajizoeza kwake. Nikasimama kama niko mbele ya kamati, nikasema pole pole, bila kuongeza chumvi hata punje: alimlaza ng'ombe, akataja jina la Mungu, akachinja. Mke wangu tumeishi naye miaka ishirini na sita, na huyo kijana alimlea kwa mikono yake. Aliweka mkono tumboni. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na alichosema kweli ni nini, baba watoto? Maana mimi pia nilikula."

Alhamisi si mbali. Ninyi mliozoea kusema kweli naombeni mnifundishe: mtu aliyeongopa maisha yake yote anasemaje kweli mara moja tu, na ikaaminika?