Nukta Waliyoichagua Bondeni

Nilipomwambia baba kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya hisabati, alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja nyuma ya nyumba yetu, Mbozi. Hakuacha kugeuza. Aliuliza tu, "Hisabati ipi tena, mwanangu? Ile ya kwanza haikuisha?"

Wakati huo nilikuwa nafundisha sekondari moja pale Mpemba, karibu na Tunduma, na nilishazoea kuwaeleza watoto wa watu mambo magumu. Kumweleza baba kulinitoa jasho.

"Ile ya kwanza, baba, swali lina jibu moja. Hii ni ya maswali ambayo unataka mambo mawili au matatu kwa mpigo, na ukilivuta moja, jingine linarudi nyuma."

Akasimama, viganja vimejaa kahawa. "Kama kungoja kahawa yote iive vizuri, na huku unataka kuwawahi wanunuzi Mlowo?"

"Hilohilo, baba."

"Basi nenda kasome. Hapa tunahangaika nalo kila mwaka, na sijaona mtu aliyelisomea."

Nikaenda Dar es Salaam. Siku za mwanzo mhadhiri wetu, mtu mkimya mwenye mwandiko mdogo, alichora mistari miwili ubaoni, kila mmoja kipimo cha lengo moja, akatawanya nukta katikati, kila nukta mpango mmoja, akatuuliza ipi ni bora kuliko zote. Kila mmoja wetu alitaja yake. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakuna. Kuna nukta ambazo ni mbovu waziwazi, kwa sababu ipo nyingine inayozishinda kwa kila kitu. Ukishaziondoa hizo, unabaki na ukingo, na kila nukta ya ukingoni ina kitu inachokupa na kitu inachokunyima. Kazi ya mwanahisabati ni kuupata ukingo wote, asiache hata nukta moja. Kuchagua ni kazi ya wenye tatizo.

Siwezi kueleza vizuri furaha niliyoipata siku ile. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa hisabati haina huruma. Kumbe kulikuwa na hisabati inayokubali kwamba watu wana mahitaji yanayogongana na hakuna mwenye kosa.

Wakati wa kuchagua mada ya utafiti, wenzangu walichukua bandari na viwanda. Mimi nilirudi Songwe. Katika likizo nilikuwa nimekutana na nesi mmoja wa kituo cha afya kilichopo bonde la Momba, mama mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyekuwa akifanya huduma ya mkoba. Kila mwezi gari lao lilizunguka vijijini, likasimama sehemu kadhaa, watoto wakapimwa uzito na kuchanjwa.

"Shida yangu nikwambie, mwalimu," alisema. "Vituo vya gari vikiwa vichache, akina mama wanatembea mpaka miguu inavimba. Tukiongeza vituo, nabaki na muda wa kuchoma sindano tu. Mama ana jambo lake moyoni, namuona kabisa, lakini gari linapiga honi."

Nikamsikiliza, na kichwani nikawa nahesabu malengo. Safari ya wote kwa jumla iwe fupi. Anayetoka mbali kuliko wote asiteseke kupita kiasi. Na nesi apate muda wa kuzungumza na kila mama. Matatu, na kila moja linavuta upande wake.

Kiangazi kile nilishuka naye bondeni. Kule chini kuna joto ambalo sisi wa Mbozi hatulijui. Kaya za wafugaji zimeachana, kati yake ni vichaka na mchanga, na njia ambayo kwenye ramani ni fupi inakatwa na mto masika yakifika. Nilizitembea njia hizo mwenyewe, simu mkononi ikipima. Kwenye boma la mwisho kabisa nilimkuta mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga yake. Nilimuuliza kwa nini kadi ya chanjo ya mdogo ina nafasi nyingi tupu.

"Natoka alfajiri, dada," alinijibu. "Nikifika, wanapakia vitu garini."

Hakusema kwa kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi shuleni kwangu Mpemba na takwimu zangu, nikaanza kukokotoa. Njia niliyoanza nayo ndiyo wanayoanza nayo wengi: unaliwekea kila lengo uzito, yaani kiasi cha umuhimu wake, unajumlisha, unaiachia kompyuta itafute. Ukibadili uzito unapata mpango mwingine. Nilibadili uzito kwa kila namna niliyoijua, na mipango iliyotoka ilikuwa ileile michache. Mmoja uliwapendelea watu wa barabarani, mwingine uliwafikia wa mbali kwa kumnyima nesi hata muda wa kunywa maji. Katikati palikuwa na pengo. Niliutazama mchoro ule kwa wiki nyingi bila kuuamini. Nilikuwa nimezitembea zile njia. Sikukubali kwamba hapakuwa na kitu katikati.

Mchana mmoja, katika chumba cha walimu, nikaacha kupima malengo kwa uzito. Nikaligeuza lengo moja kuwa sharti: hakuna mama atakayetembea zaidi ya umbali huu. Suala la muda wa nesi nalo nikaliwekea sharti, halafu nikaitaka kompyuta ipunguze safari ya jumla. Ikatoa jibu. Nikalikaza sharti kidogo, ikatoa jingine. Njia hiyo sikuibuni mimi, imo vitabuni. Kilichokuwa changu ni kuifanya ifanye kazi kwenye bonde lile, na mto wake na maboma yake yaliyotawanyika. Jua lilipoanza kushuka, pengo lilikuwa limejaa nukta. Zilikuwa zimejificha kwenye kibonyeo cha ukingo, pale unapoingia ndani, mahali ambapo uzito, uupange utakavyo, haufiki.

Nilipiga kelele. Mwalimu wa Kiswahili akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Nikazipeleka karatasi kituoni. Mganga mfawidhi, kijana mwenye haraka, alizipitia akauliza, "Mwalimu, kompyuta imesema tufanye lipi? Tupe jibu moja."

Hapo ningeweza kujipatia sifa za bei rahisi. Ningechagua mpango ninaoupenda mwenyewe, naye angepiga mhuri. Nilimjibu, "Siwezi, daktari. Ila ninaweza kukuhakikishia upi ni mbaya."

"Upi?"

"Huu mnaoutumia sasa. Ulipangwa kabla maboma mengi hayajahamia. Leo ipo mipango inayowapunguzia mwendo walio karibu, inawapunguzia walio mbali, na inamwongezea nesi muda. Kwa pamoja. Hapo hakuna wa kupoteza. Kutoka hapo kwenda mbele ndipo mtu fulani lazima aachie kitu, na hilo waamue wenyewe akina mama."

Alizitazama zile namba upya, safari hii bila haraka. "Kwa pamoja?" aliuliza.

"Zihakiki."

Alizihakiki. Kisha akamwita nesi, wakapanga siku ya mkutano.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Nilikuwa nimechora mipango minne kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani, maboma kwa rangi moja na vituo kwa nyingine. Sikutaja neno hata moja la darasani. Nilisema: huu unawapa hiki na kuwanyima hiki, na huu vilevile. Mmoja wa wanawake, Msukuma mwenye kujua Kiswahili vizuri, alikuwa akiwatafsiria wafugaji wenzake kwa Kisukuma.

Walibishana sana. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai kando ya barabara alisimama, akauweka mkono juu ya mpango wa tatu. "Hapa kituo chetu kinasogezwa mpaka kule kwenye kisima?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa boma la mwisho anafika saa ngapi?"

"Kabla jua halijawa kali."

Akawageukia wenzake wa barabarani. "Kisimani si tunakwenda kila siku? Tusogee."

Mikono ikainuka, mingi kuliko nilivyotarajia. Yule mama kijana alikuwa amekaa dirishani, akainamisha uso kwenye kichwa cha mtoto wake. Mimi nilijifanya naweka sawa manila, maana machozi yalikuwa karibu. Mpango wa tatu ulitoka kwenye kibonyeo. Kama ningeishia kwenye uzito, usingekuwepo ukutani.

Mwezi uliofuata gari likaanza kusimama kisimani.

Siku ya kuitetea tasnifu yangu, baba alisafiri hadi Dar es Salaam na koti lake la ibada. Nilimweka kiti cha nyuma, nikamwambia asiseme kitu. Mtahini wa nje, mama mkali aliyekuwa amezijaza kurasa zangu kalamu nyekundu, aliniuliza swali moja refu, kisha akalifupisha: "Mpango waliouchagua, kwa njia ya uzito ungeupata?"

"Hapana, profesa. Nimethibitisha ukurasa unaofuata. Hakuna uzito wowote ambao ungeutoa."

Akaufungua ukurasa. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Ni kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Na hawa akina mama wamechagua pale ambapo wengi wetu hatutafuti."

Baba akainuka akapiga makofi. Peke yake, katika ukumbi uliokuwa kimya. Mhadhiri wangu akamtazama, nikadhani atamkalisha. Akaanza kupiga naye.

Tulirudi Songwe pamoja. Basi lilipoiacha Mbeya, baba alimgeukia abiria wa kiti cha jirani, mfanyabiashara anayevusha mizigo Tunduma kwenda Zambia, akaanza kumsimulia. Alichanganya mto na kisima, akaniongezea cheo ambacho sijapewa, lakini habari ya vituo aliieleza vizuri kuliko nilivyoieleza mimi ukumbini. Sikumsahihisha. Niliegemea dirisha nikimsikiliza.

"Kwa hiyo binti yako anajua kupanga magari?" abiria aliuliza.

"Anajua kupanga mambo yasiyopatana," baba akajibu.

Yule bwana akanigeukia. "Mimi nina malori pale mpakani, dada. Nataka yawahi, yasipakie pungufu, na madereva wangu walale. Unaweza?"

"Ukilazimika kuachia kidogo," nikamuuliza, "utaachia lipi?"

Akapapasa mfuko wa shati. "Kwanza nionyeshe mipango iliyopo," alisema, akatoa kalamu mfukoni, akanipa.