Kozi Niliyoiweka Mwisho

Niliingia chuo kusomea shahada ya afya ya jamii nikiwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili, na ruhusa ya miaka mitatu kutoka kwa mwajiri wangu. Barua ya ruhusa haikuwa na utani: miaka mitatu ikiisha narudi kazini, nimemaliza au sijamaliza. Mtu mwenye barua ya namna hiyo alipaswa kupanga masomo yake kwa makini. Mimi nilipanga kwa makini sana, na nikaharibu.

Sisi tuliotokea stashahada tuliachiwa kupanga wenyewe kozi ipi tuisome muhula upi. Nilikaa na fomu sebuleni kwetu Mwananyamala, Jumapili asubuhi, penseli mkononi. Usafi wa mazingira nikauweka mwanzo, maana vyoo vya watu nimevikagua mpaka nikachoka. Afya ya mama na mtoto ikafuata. Takwimu za Afya nikaisukuma hadi mwaka wa tatu, kule chini kabisa ya karatasi. Hesabu zilinidhalilisha kidato cha nne, na sikuwa tayari kudhalilika tena mbele ya vijana wanaoniita mama.

Kila muhula fomu ilitakiwa isainiwe na mshauri wa masomo. Mshauri wangu alikuwa dada wa kutoka Kusini, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake alisimama akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya chini, haya imenijaa, kwa sababu ofisini mle mwalimu alikuwa yeye. Mtu aliyekuamkia shikamoo utamwambiaje kwamba unaogopa kugawanya? Tangu siku hiyo nikawa namkwepa. Fomu naiacha kwa katibu wake, narudi kesho yake kuichukua imesainiwa, naondoka haraka.

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Mwanzoni mwa mwaka wa pili, siku moja kabla ya usajili kufungwa, katibu alinipigia simu akasema mshauri ananihitaji mwenyewe.

Nilimkuta ameitandaza fomu yangu mezani. Aliniamkia, akanipa kiti, kisha akanieleza taratibu kama anayempa mgonjwa majibu. Bila Takwimu huruhusiwi kusoma Epidemiolojia, ile kozi ya namna magonjwa yanavyoenea. Bila Epidemiolojia huruhusiwi kuanza utafiti wa mwisho. Kwa mpango wangu, utafiti ulikuwa unaangukia mwaka wa nne. Na mimi mwaka wa nne sikuwa nao.

Nilijiona nimerudi kazini mikono mitupu, na wenzangu wananiuliza cheti kiko wapi.

"Mama, hii uliiweka huku mwisho kwa nini?" aliuliza.

Sikuwa na uongo wa haraka, nikamwambia kweli. Nikamwambia kwamba ndivyo nilivyofanya kazi miaka kumi na moja ya kutembelea kaya kama mhudumu wa afya. Unaanza na nyumba za watu wanaokukaribisha, ngumu unaziacha mwisho. Kawe kulikuwa na nyumba moja yenye kibao getini, MBWA MKALI. Mimi nimelelewa nyumba ya Kiislamu, mbwa na mimi hatujazoeana. Nyumba ile niliiruka miezi mitatu. Nilipobanwa na msimamizi wangu nikaenda, nikamkuta bibi ana presha ya juu, dawa zimemwishia, hana wa kumtuma.

"Na mbwa?"

"Alikuwa amefungwa."

"Amefungwa tangu lini?"

"Siku zote," nikasema. "Bibi aliniambia mchana hamfungulii."

Hakucheka. Alichukua simu akampigia mwalimu wa Takwimu. Nilimsikia akibembeleza, akinyamaza, akibembeleza tena. Darasa lilikuwa limejaa, lakini kuna mwanafunzi alikuwa amehama asubuhi ile. Kipindi kiligongana na Lishe, kwa hiyo Lishe akaikata kwa kalamu nyekundu akaipeleka mwaka wa tatu, na Takwimu akaipandisha juu. Miaka ikarudi kuwa mitatu. Nilishusha pumzi kwa nguvu mpaka karatasi za mezani zikapepea, nikamshukuru mpaka akaniomba ninyamaze.

Ila unafuu ule ulikuwa nusu. Jumatano nilikwenda darasani, nikakaa nyuma kabisa. Mwalimu, mzee mwenye suti iliyompwaya, alichora jedwali ubaoni: kaya zilizotembelewa, zenye choo, zisizo na choo. Akauliza ni kaya ngapi katika kila mia hazina choo, na mwezi huu ukoje ukilinganisha na uliopita.

Nililitazama lile jedwali. Ndilo nililokuwa nalijaza kila mwisho wa mwezi, nyuma ya daftari la kaya, kwa penseli, huku nikikaanga samaki. Sisi kazini tuliita kufunga daftari. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zile ni takwimu, na mimi sikuwahi kuuliza. Vijana walikuwa bado wanatafuta kikokotoo kwenye simu zao nilipoinua mkono. Nikatoa jibu, na mwalimu akaliandika ubaoni, akaendelea na swali la pili.

Machozi yalinilengalenga, na sioni aibu kulisema hilo. Mwaka mzima nilikuwa nimeikimbia kazi yangu mwenyewe.

Kipindi kilipokwisha nilisimama kivulini nje ya darasa, nikamkumbuka yule mbwa wa Kawe, nikamwandikia mshauri ujumbe wa neno moja: "Kafungwa."

Jibu lilikuja hapo hapo: "Shikamoo, mama."

Safari hii niliitikia marahaba, na sikuona haya.