Kinu Kimekwenda Shughulini

Juzi mchana nilikuwa Mbagala, kwenye makumbusho ya chumba kimoja yaliyojaa vyombo vya zamani. Mkufunzi aliyeletwa na wafadhili, glavu nyeupe mikononi, alikuwa akimfundisha mama mwenye chumba kutunza vitu. Akasimama mbele ya kibao kilichoandikwa "Kinu". Kinu hakuna.

"Kiko wapi, mama?"

"Kimeazimwa, mwanangu. Jirani ana shughuli, anatwangia viungo."

Mkufunzi akavua glavu moja. "Sasa sisi tukiondoka, makumbusho haya yatajiendeshaje?"

Kabla mama hajajibu, jirani akaingia na kinu, ndani yake bakuli la pilau lililofunikwa. Uswahilini kwetu, chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Mkufunzi akavua glavu ya pili, akaomba maji ya kunawa.